Kukiri, Kuungama, Kushuhudia: Gharama ya Ufuasi katika A Grain of Wheat

Riwaya ya A Grain of Wheat ilipochapishwa mwaka 1967, mwandishi wake alikuwa bado akijiita James Ngugi. Miaka mitatu baadaye, mwezi wa Machi 1970, alisimama mjini Nairobi mbele ya Mkutano Mkuu wa Kanisa la Presbyterian la Afrika Mashariki, akawaambia wazee wa kanisa waliokusanyika kwamba yeye si mtu wa kanisa, wala hata si Mkristo. Mzee mmoja alighadhibika, akamwinukia na kumkumbusha kuwa jina analolibeba ni la ubatizo. Jina hilo likaja kuachwa, na Ngũgĩ wa Thiong'o akabaki Ngũgĩ wa Thiong'o hadi alipofariki mwaka 2025.

Wahakiki wengi wamelichukua tamko lile la 1970 kama ufunguo wa kazi zake zote, hata zile zilizolitangulia. Kwa maoni yao, Biblia iliyojaa katika A Grain of Wheat ni ganda tu. Ukilimenya, unakuta ndani yake siasa ya ukombozi, na ganda lenyewe ni la kutupwa. Rai hii ina mashiko, na hapana budi kukubali kuwa mwandishi mwenyewe aliipalilia. Hata hivyo nadhani inaipunja riwaya. Katika makala haya tunanuia kuonyesha kwamba swali linaloibeba hadithi nzima ya kijiji cha Thabai ni lile lile la Injili ya Luka, pale panapotolewa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara akatakiwa kuketi kwanza na kupiga hesabu: nani atalipa, na atalipa nini? Tutajaribu pia kuonyesha kwamba swali hilo, ingawa limeandikwa kwa Kiingereza, huonekana vizuri zaidi likitazamwa kwa msamiati wa Kiswahili. Mwisho tutadai kwamba riwaya yenyewe, ambayo huwatoza wahusika wake wote kwa mizani hiyo, imemnyima mmoja wao haki ya kupimwa.

Tuanze na neno lenyewe. Tafsiri zetu za Biblia zimewaita wale Kumi na Wawili ‘wanafunzi’. Neno hili halina kosa, lakini limebeba historia ya Afrika Mashariki kuliko ya Galilaya. Buganda Wakristo wa kwanza waliitwa ‘abasomi’, na Ugĩkũyũ wakaitwa ‘athomi’. Maana ni ile ile, wasomaji. Alama ya kwanza ya ufuasi ilikuwa kitabu. Nyuma ya kitabu ikaja shule, nyuma ya shule kazi, nyuma ya kazi mshahara na shati jeupe. Kwa njia hiyo mfuasi wa Kristo akageuka kuwa mtu aliyepata, ilhali katika Injili yeye ni mtu aliyeacha. Mashahidi wa Uganda waliochomwa Namugongo tarehe 3 Juni 1886 ni dalili tosha kwamba wasomaji nao wangeweza kudaiwa kila kitu. Lakini walikuwa wamepita miaka mingi kufikia mwaka 1952, na katika vijiji vya nyanda za juu za Kenya usomaji ulikuwa umeshakuwa ngazi ya kupandia.

Kihika, kijana anayesimama katikati ya riwaya ingawa amekwisha kufa hadithi inapoanza, ni zao la shule ya namna hiyo. Alitofautiana na mwalimu wake, Muniu, juu ya tohara ya wanawake na kama imekatazwa katika Maandiko. Akakataa kuchapwa, akaondoka. Aliacha shule, hakuiacha Biblia. Nakala yake yenye aya zilizopigiwa mistari inabaki baada yake, na Ngũgĩ anazitumia aya hizo kufungulia baadhi ya sehemu za riwaya. Mafundisho ya Kihika ni mepesi kueleza na magumu kutenda. Yeye huona kwamba msalaba ukibaki kuwa wa mmoja peke yake, wengine wote wakiutazama na kuuimbia, hautabadili kitu. Kila mmoja sharti auchukue kwa ajili ya mwenzake. Aliyekula kiapo kuibadili nchi amekuwa Kristo kwa jirani yake. Kihika aliyasema hayo, akaingia msituni, akakamatwa kwa kusalitiwa, akanyongwa hadharani Rung'ei.

Hapa ndipo uhakiki wa mazoea unapokomea. Kihika ni Kristo, Mugo aliyemsaliti ni Yuda, hesabu imekwisha. Nakumbuka katika semina moja ng'ambo, nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamili, tulitumia saa mbili kuorodhesha ‘sura za Kristo’ katika riwaya za Kiafrika kama watu wanaohesabu mbuzi zizini. Orodha ilikamilika, na riwaya ikabaki pale pale ilipokuwa. Kasoro ya mlingano huo ni kwamba Kihika hana Gethsemane. Msomaji haonyeshwi usiku wake wa mwisho, wala kutetemeka kwake, wala kama aliwahi kuomba kikombe kile kimwepuke. Tunamwona kwa macho ya wengine tu. Mara moja tunapomkaribia sana, katika kibanda cha Mugo usiku ule aliokuja baada ya kumwua Bwana Shauri Robson, anaonekana mtu wa kutisha, mwenye uhakika wa kupita kiasi. Anamtaka Mugo ajitoe kupanga watu kijijini, bila kumwuliza kama ana nguvu za kuubeba mzigo huo. Kihika alilipa kwa uhai wake, hilo halina ubishi. Lakini alikuwa pia mtu anayewaandikia wengine deni.

Gethsemane ya riwaya iko kwingine, nayo imegawanywa kati ya watu watatu wanaofungua vinywa vyao kusema waliyoyatenda. Kiingereza kina kitenzi kimoja kwa matendo yao yote matatu, na pengine ndiyo sababu wahakiki wanaoandika kwa lugha hiyo hawakuona tofauti. Sisi tuna vitenzi vitatu angalau. Tuna kukiri, tuna kuungama, tuna kushuhudia. Si visawe.

Kukiri ni neno la barazani na mahakamani. Anayekiri hukubali maneno yaliyotungwa na mwingine: shtaka limesomwa, yeye hujibu ndiyo. Katika Hali ya Hatari, iliyotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952 na kuondolewa Januari 1960, serikali ya kikoloni iliijenga kambi ya kizuizini juu ya kitenzi hiki. Mfungwa alitakiwa akiri kiapo. Akikiri, husogezwa kambi kwa kambi kuelekea kwao; asipokiri, huzidishiwa kazi na kipigo. Huko Hola, tarehe 3 Machi 1959, wafungwa 11 walipigwa wakafa, na riwaya inaukumbuka msiba huo kwa kuwataja wafu idadi ile ile katika kambi ya kubuniwa ya Rira. Gikonyo, fundi seremala, anakiri. Hakuwasaliti wenzake, alitaka tu kumwona Mumbi, mkewe. Lakini tangu siku hiyo anasikia hatua za miguu yake mwenyewe juu ya sakafu ya saruji, na zinamfuata hadi nyumbani, ambako anamkuta Mumbi ana mtoto wa Karanja. Ngũgĩ hamlaumu kwa ukali. Anamwonyesha kama mtu aliyepata punguzo la bei, akaja kugundua kuwa salio linadaiwa kwa njia nyingine.

Kuungama ni neno la kanisani. Katika riwaya linamhusu Mchungaji Jackson Kigondu, na hapa inatubidi tukumbushane historia kidogo. Uamsho uliowapa Waganda jina la Walokole ulichipuka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukaingia Kenya mwaka 1937. Desturi yake kuu ilikuwa mtu kusimama mbele ya ndugu na kuzitaja dhambi zake waziwazi, kisha wenzake wampokee kwa wimbo. Jackson, mchungaji aliyeheshimika, anajiunga na Uamsho, anasimama na kuungama, anakuwa kiongozi wao. Ngũgĩ anayaeleza hayo kwa kejeli baridi. Anachokiona yeye ni ungamo lisilo na hasara: dhambi ndogo ndogo za zamani, zikitajwa mbele ya watu ambao wamekwisha kukubali kusamehe, chini ya serikali ambayo imepiga marufuku mikutano ya wengine wote na kuuachia huu.

Kejeli hiyo ina wazo zito ndani yake. Dietrich Bonhoeffer, mchungaji wa Kilutheri wa Ujerumani, alichapisha mwaka 1937 kitabu alichokiita Nachfolge, neno ambalo kwetu ni ‘ufuasi’ tu. Waliokitafsiri kwa Kiingereza ndio waliongeza ‘gharama’ katika jina. Bonhoeffer alitofautisha neema ya bei rahisi, ambayo mtu hujisamehe mwenyewe bila kubadilika, na neema ya ghali, ambayo humgharimu mtu maisha yake. Yeye mwenyewe alinyongwa Flossenbürg tarehe 9 Aprili 1945. Sina ushahidi kwamba Ngũgĩ alimsoma, wala hoja yangu haihitaji ushahidi huo. Ninalosema ni kwamba kijana aliyeandika A Grain of Wheat huko Leeds aliishuku neema ya rahisi kwa kiwango ambacho hakikumstahili mtu asiyejali ufuasi. Huwezi kukasirikia noti ya bandia kama huamini kuwa ipo noti halali.

Tunafika kwa Mugo, na kwa kitenzi cha tatu. Mugo ni mkulima yatima asiyetaka zaidi ya kuachwa alime shamba lake. Alimsaliti Kihika kwa Thompson kwa sababu Kihika alimwingilia upweke wake. Malipo aliyoyapata ni mate usoni. Baadaye, kwa kumtetea mwanamke aliyekuwa akipigwa handakini, na kwa kunyamaza kimya huko Rira, akageuka shujaa machoni pa watu. Gikonyo anakuja usiku kumweleza ya moyoni mwake. Mumbi naye anakuja. Kijiji kizima kinamfanya Mugo kuwa padri wao, na yeye, ambaye ana jambo zito kuliko yote ya kusema, anasikiliza. Hatimaye wazee wanamtaka awe msemaji mkuu wa sherehe ya Uhuru, tarehe 12 Desemba 1963. Jenerali R. amepanga kuitumia sherehe hiyo kumfichua msaliti, ambaye kwa imani yake ni Karanja.

Ilikuwa rahisi Mugo anyamaze. Karanja angekufa, naye angebaki mtakatifu. Badala yake anapita katikati ya umati, anapanda jukwaani, anasema kwa maneno machache kwamba aliyemtoa Kihika ni yeye. Hakuna aliyemwuliza, kwa hiyo hakukiri. Hakuna aliyekuwa tayari kumpokea kwa wimbo, kwa hiyo ungamo hili si la Jackson. Alishuhudia. Na Kiswahili, kwa urithi wake wa Kiarabu, kina neno moja kwa mtu anayetoa ushahidi na mtu anayekufa kwa ajili ya ushahidi huo, kama Kigiriki cha Agano Jipya kilivyokuwa nalo. Kiingereza kimeyatenga maneno hayo mawili, na baadhi yetu pia tumeanza kuyatenga tunaposema ‘mfiadini’ kwa yule wa pili. Mfiadini ni neno zuri, lakini linatazama kifo tu. Shahidi hutazama kwanza kile kilichosemwa, na kifo huja kama muhuri. Mugo ni shahidi kwa maana zote mbili katika siku moja: kwanza alitoa ushahidi dhidi yake mwenyewe, na baadaye wakaja kumchukua Jenerali R. na Luteni Koinandu, akahukumiwa.

Ikiwa ipo punje ya ngano iliyoanguka ardhini katika riwaya hii, basi ni Mugo kuliko Kihika. Nafahamu kuwa neno hili litawaudhi baadhi ya wenzangu. Kihika alifia nchi, Mugo alimwua Kihika. Yawezekanaje msaliti akawa mfuasi? Lakini tazama matokeo. Kifo cha Kihika kimezaa hotuba, na wabunge wanaonunua mashamba waliyowaahidi wengine, na kijiji kizima kinachosimulia uongo mdogo mdogo juu ya ushujaa wake, kama Githua na mguu wake. Ushahidi wa Mugo ndio unaomgusa Gikonyo. Ni baada ya kuusikia ndipo anapotambua kwamba yeye hakuwa na ujasiri wa namna hiyo, na akiwa amelala hospitali anaanza kufikiria kigoda atakachomchongea Mumbi. Uchoyo umelegea mahali pamoja. Riwaya haidai zaidi ya hapo.

Sasa turudi kwa Jackson, maana hesabu yake haijafungwa. Wapiganaji wa msituni walimwua kwa mapanga. Riwaya inatuarifu hivyo kwa sentensi chache na kusonga mbele. Mtu ambaye ungamo lake lilidhihakiwa kwa kuwa halikumgharimu kitu, ametozwa gharama yote, na msimulizi hatupeleki nyumbani kwake usiku huo. Hatujui kama alipewa nafasi ya kukana. Hatujui alisema nini. Wale wengine wote, hata Thompson Mzungu, wanaingiwa ndani ya fikira zao. Jackson anatazamwa kutoka ng'ambo ya barabara.

Mwandishi ana utetezi. Jackson alihubiri kwamba Wakristo wapigane bega kwa bega na Mzungu, ndugu yao katika Kristo, na mchungaji wa namna hiyo amechagua upande. Akifa, amekufa vitani. Tatizo ni kwamba historia ya Uamsho katika Ugĩkũyũ haikuwa hiyo peke yake. Wapo ndugu wengi walioukataa mkono wa kushoto na wa kulia pia. Walikataa kiapo cha Mau Mau, wakisema wamekwisha kunywa damu nyingine na hawawezi kuichanganya. Wakakataa vilevile kushika bunduki ya homgadi. Watu hao walishukiwa na pande zote mbili, na baadhi yao waliuawa. Kanisa kuu la Kianglikana mjini Murang'a, ambao wakati huo uliitwa Fort Hall, lilijengwa kuwa kumbukumbu ya Wakristo waliouawa miaka hiyo. Ndani yake Elimo Njau, msanii mzaliwa wa Marangu, alichora mwishoni mwa miaka ya 1950 michoro mikubwa mitano ya maisha ya Kristo ukutani, na Kristo wake ni mtu mweusi aliye kati ya vilima vya Murang'a.

Michoro hiyo inasema jambo ambalo riwaya inalikwepa. Kihika alisema Kristo ni yeyote anayejitoa kwa ajili ya mwenzake. Njau alimweka Kristo huyo mweusi mahali pa kuwakumbuka watu ambao wenzake Kihika waliwaua. Hizi ni pande mbili za bonde moja, na A Grain of Wheat, ambayo ndiyo riwaya yetu kubwa ya bonde hilo, ilihitaji kuwa na mhusika mmoja wa upande wa pili ambaye si kibaraka. Haina. Sisemi kwamba Ngũgĩ alipaswa kuwatukuza. Ndugu yake aliingia msituni, mama yake aliteswa. Hakuna mwenye haki ya kumwamuru ahuzunikie nani. Nasema tu kwamba kisanaa, mizani isiyompima kila mtu huacha shaka juu ya uzito wa wale iliowapima. Mugo mwenyewe angekuwa mzito zaidi kama tungemwona Jackson akifa.

Wala si kwamba mwandishi hakuweza. Katika The River Between, iliyochapishwa mwaka 1965, yumo Joshua, mhubiri ambaye dini yake haimgharimu kitu ila binti zake, na yumo Muthoni, binti aliyetaka kuwa wa Kristo na wa kabila lake kwa wakati mmoja, akafa kwa jeraha la tohara akiwa bado amemshika Kristo huyo. Muthoni hakuwa wa upande wowote, na kurasa zake chache ndizo zinazokumbukwa zaidi katika kitabu kile. Kufikia A Grain of Wheat nafasi ya Muthoni imefungwa. Baadaye, katika Caitaani Mũtharabainĩ ya mwaka 1980, aliyoiandika kwa Kigĩkũyũ gerezani Kamiti juu ya karatasi za choo, anayesulubiwa ndotoni ni shetani, na watu waliovaa suti ndio wanaomteremsha msalabani. Msalaba umebaki, mfuasi ametoweka.

Katiba ya mwaka 2010 iliifanya tarehe 20 Oktoba kuwa Siku ya Mashujaa. Ni siku ile ile iliyotangazwa Hali ya Hatari, na uchaguzi wa neno si wa bahati nasibu. Taifa huhitaji mashujaa, kwa maana shujaa aliyekufa hana analoweza kutusemea. Wanafunzi wangu wanaposoma riwaya hii hupenda kuuliza kama jina la Mugo lingeweza kuandikwa katika orodha ya mashujaa wa Thabai, na mara zote darasa hugawanyika. Mwaka mmoja mwanafunzi aliyekuwa kimya muhula mzima aliuliza kama la Jackson lingeweza. Darasa halikugawanyika, lilicheka. Yeye hakucheka. Babu yake, alisema, alikuwa mmoja wa wale ndugu, na nyumbani kwao huwa hawamtaji Oktoba.

Ngũgĩ alikijua kicheko hicho, nadhani, kwa sababu alimpa mhusika mmoja asiyekicheka. Wambui, mama mzee aliyeubeba upinzani katika sketi zake wakati wa hatari, ndiye aliyeketi hakimu usiku wa kesi ya Mugo. Hakumwonea, sheria ya msitu ilikuwa wazi. Lakini siku chache baadaye, ukungu ukiwa umefunika Thabai na manyunyu hayakatiki, tunamwona yeye na mzee Warui wameketi wakitazama nje, hawana la kuambiana. Sherehe imekwisha, na mama huyo, ambaye hakuwahi kusita katika riwaya nzima, anaanza kutilia shaka kama ilifaa wamhukumu.